Kila Tetea Ana Kaka Yake

Mwaka 2010 baraza la jiji la Seattle, Marekani, lililegeza sheria zake za kilimo cha mjini. Mkazi aliyekuwa akiruhusiwa kufuga kuku 3 nyuma ya nyumba sasa aliruhusiwa kufuga 8. Sheria hiyohiyo ikapiga marufuku majogoo. New York nako, kuku jike anaweza kuishi Brooklyn au Bronx bila kuvunja sheria, ila jogoo yumo kwenye orodha moja ya wasiotakiwa pamoja na bata, bata bukini na bata mzinga. Wahenga wetu waliosema jogoo wa shamba hawiki mjini hawakujua kwamba ipo siku maneno yao yangepata kifungu cha sheria na faini juu yake.

Marufuku hizi zina sababu zake. Mwaka 2018 watafiti wa Ubelgiji walifunga vinasa sauti vidogo karibu na masikio ya majogoo na kupima kelele zao. Zilivuka desibeli 100 kwa urahisi, na wakati mwingine zilipita 140, kiwango kinachoweza kumharibia mtu usikivu. Jogoo mwenyewe hapati madhara, kwa kuwa anapoachama ili awike tundu la sikio lake hujifunga. Jirani hakuumbwa hivyo.

Kasoro ya sheria hizi ni kwamba zinamzungumzia tetea kana kwamba alishuka kutoka mbinguni peke yake. Kwa kuku, mama ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, kwa hiyo yai ndilo linaloamua jinsia, na linaamua nusu kwa nusu. Ukitotolesha mayai 100 yenye mbegu, utapata majike yapata 50 na madume yapata 50, upende usipende. Kila tetea anayeparura kwenye ua wa mjini ana kaka yake mahali fulani, au alikuwa naye. Habari ya watu wanaookoa majogoo wasiotakiwa ni habari ya huyo kaka, na ndiyo maana inawahusu hata wale ambao hawajawahi kusikia jogoo akiwika chini ya dirisha lao.

Si kila nchi imemhukumu vibaya. Huko Ufaransa, wenye nyumba ya mapumziko katika kisiwa cha Oléron walimshtaki jirani yao kwa sababu jogoo wake, aliyeitwa Maurice, alikuwa akiwika alfajiri. Septemba 2019 mahakama ya Rochefort ililitupa shauri hilo na kuwaamuru walalamikaji wamlipe mwenye jogoo yuro 1,000. Januari 2021 nchi hiyo ikapata sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wake. Kwa hiyo harufu ya zizi nayo ina hadhi, kwa yeyote anayepanga kununua nyumba huko.

Turudi Marekani, maana huko ndiko jogoo asiyetakiwa amepata watetezi wengi, na ndiko anakozalishwa kwa wingi. Mfugaji wa mjini huagiza vifaranga kwa posta. Shirika la posta la nchi hiyo limekuwa likibeba vifaranga wa siku moja tangu 1918, na linaweza kufanya hivyo kwa sababu kifaranga huanguliwa akiwa bado na mabaki ya kiini cha yai tumboni, akiba ya kumtosha hadi saa 72 bila kula wala kunywa. Kinachomuua upesi ni baridi. Kwa miaka mingi oda ndogo kabisa ilikuwa vifaranga 25, wapate kupeana joto ndani ya boksi, na oda ilipopungua, baadhi ya wauzaji walijaza nafasi kwa vifaranga wa kiume ambao mteja hakuwaagiza wala kuwalipia. Kaka husafiri kama blanketi.

Hata bila hao wa nyongeza, majogoo hupenya. Kituo cha kutotolesha kikimwahidi mteja majike, ahadi yenyewe kwa kawaida ni ya asilimia 90 hivi. Kuna aina, kama silkie wenye manyoya ya hariri, ambao ni vigumu kuwatambua wakiwa wadogo, hivyo huuzwa bila kuchaguliwa. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani na korona, wengi waliamua kufuga kuku, na kufikia Machi na Aprili vituo vingi vya vifaranga viliishiwa. Miezi minne au mitano baadaye yule kipenzi wa watoto, ambaye kwa wakati huo ameshapewa jina la kike, anapanda juu ya uzio alfajiri na kutangaza kwamba kulikuwa na makosa. Afisa wa manispaa anakuja. Familia inaanza kupiga simu.

Makimbilio ya wanyama wa shamba hupokea simu hizi mwaka mzima, na jibu la kawaida ni kwamba nafasi zimejaa. Jogoo akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 5 hadi 8, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo nafasi haifunguki haraka. Anayekataliwa huko hubandika tangazo kwamba anatoa jogoo bure kwa mtu mwenye makazi mazuri. Mtu wa kumchukua hapatikani kwa shida, na mara nyingi huja akiwa ameshaweka maji jikoni.

Ingekuwa tatizo la wafugaji wa uani tu, tungecheka na kupita. Mzigo mkubwa uko kwingine, na chanzo chake kinajulikana mahali na mwaka. Mwaka 1923, Ocean View, jimbo la Delaware, mama mmoja wa shambani aitwaye Cecile Steele aliagiza vifaranga 50 wa kuongeza kwenye kuku wake wa mayai. Kwa makosa akaletewa 500. Badala ya kuwarudisha aliwajengea banda, akawalisha na kuwauza kwa nyama, akapata faida nzuri. Mwaka uliofuata aliagiza 1,000 kwa makusudi, na kufikia 1926 alikuwa na banda la kuku 10,000. Kabla ya hapo nyama ya kuku katika nchi hiyo ilikuwa pato la pembeni la biashara ya mayai: majogoo wachanga wa msimu, na majike waliochoka kutaga. Baada ya Steele ikawa biashara inayojitegemea, na mwaka 1948 kukafanyika mashindano ya kitaifa, chini ya udhamini wa kampuni ya maduka ya A&P, ya kumtafuta kuku wa kesho mwenye kifua kipana.

Kuku akagawanywa mara mbili. Kuku wa nyama alichaguliwa anenepe haraka, jike na dume pamoja. Kuku wa mayai alichaguliwa awe mwembamba, atage sana, asipoteze chakula kwa kujenga mwili. Ndugu yake wa kiume akabaki hana kazi: hatagi, na akilishwa hanenepi vya kutosha kurudisha gharama ya pumba aliyokula. Tangu kuku afugwe, na wanaakiolojia wanaweka mwanzo wa jambo hilo Asia ya Kusini-Mashariki zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, jogoo wa ziada aliishia chunguni. Ni karne iliyopita tu ndiyo iliyompata jogoo ambaye hata chungu hakimtaki.

Kumtambua mapema kulihitaji ujuzi, na ujuzi huo ulitoka Japani. Katika miaka ya 1920 mtafiti Kiyoshi Masui na wenzake walionyesha kwamba jinsia ya kifaranga wa siku moja inaweza kujulikana kwa kumbinya kidogo na kutazama ndani ya tundu la haja. Tofauti ni alama ndogo mno, na anayejifunza huchukua muda mrefu kabla macho yake hayajazoea. Aliyebobea hupitisha vifaranga zaidi ya 1,000 kwa saa, huku akikosea mara chache sana. Mkono mmoja humshika, kidole gumba humfungua, jicho hutazama, kisha kifaranga hutupwa kushoto au kulia. Upande mmoja ni banda la mayai. Upande wa pili ni mashine ya kusaga au chumba cha gesi ya kaboni dioksidi. Duniani kote hukadiriwa kuwa madume wapatao bilioni 7 huuawa hivyo kila mwaka wakiwa na umri wa saa chache, na Marekani peke yake huchangia zaidi ya milioni 300.

Rasi ile aliyoishi Steele, inayogawanywa na majimbo ya Delaware, Maryland na Virginia, bado ni kitovu cha kuku wa nyama. Inaitwa Delmarva. Malori yaliyosheheni vizimba hupita barabarani mchana na usiku, na mara mojamoja kuku huanguka. Ni katika mazingira hayo ndipo yalipokita mizizi makimbilio mawili ambayo kila anayejishughulisha na majogoo huyajua. La kwanza ni la Karen Davis, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza aliyeanzisha shirika la United Poultry Concerns mwaka 1990 na kulihamishia baadaye Machipongo, upande wa Virginia. Aliendelea kuandika, kugombana na kulea kuku hadi kifo chake mwaka 2023. La pili lilianzishwa mwaka 2000, upande wa Maryland, na pattrice jones (ndivyo anavyoandika jina lake, bila herufi kubwa) pamoja na mwenzake Miriam Jones, baada ya kumwokota kuku mmoja kando ya barabara. Mwaka 2009 lilihamia Springfield, Vermont, na leo linaitwa VINE Sanctuary.

Hawa wa pili ndio waliofanya jambo ambalo wataalamu walisema haliwezekani: waliwarejesha majogoo wa mapigano katika maisha ya kawaida ya banda.

Mchezo wa kupiganisha majogoo una wateja wengi duniani. Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani, alipata umaarufu kwa makala yake ya mwaka 1972 kuhusu mapigano ya majogoo kisiwani Bali, na hoja yake ilikuwa kwamba wanaopigana pale hasa ni wanaume, majogoo wanawawakilisha tu. Hoja nzuri, ingawa wanaovuja damu ni wawakilishi. Marekani ilichukua muda kuufuta mchezo huu. Louisiana, jimbo la mwisho kuuruhusu, liliupiga marufuku Agosti 2008, na maeneo yake ya ng'ambo kama Puerto Rico yakafuata kwa sheria ya taifa iliyoanza kutumika Desemba 2019. Marufuku haikuumaliza. Mei 2017 polisi wa kaunti ya Los Angeles walivamia eneo moja huko Val Verde wakakamata ndege zaidi ya 7,000.

Na polisi wakishawakamata ndege hao, huwafanyia nini? Huwaua. Hilo lilikuwa jibu la kawaida kila mahali: hawa wamezaliwa kupigana, hawawezi kuishi na wenzao, na kuwaua ni kuwahurumia. Miaka 10 kabla ya Val Verde, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, Michael Vick, alishtakiwa kwa kuendesha mapigano ya mbwa huko Virginia. Mbwa wake walikuwa karibu 50. Kukawa na kelele nchi nzima, wataalamu wakaitwa kumpima kila mbwa tabia yake, na wengi wao wakaishia kwenye familia na makimbilio. Mbwa alisikilizwa mmoja mmoja. Jogoo alihukumiwa kwa elfu.

Jones na wenzake waliuliza swali ambalo mfugaji yeyote wa kijijini angeliuliza. Majogoo wanaokulia uani pamoja hupigana, ndiyo, ila hupigana kidogo. Wanasimamisha manyoya ya shingo, wanaruka, wanapigana mateke mara mbili tatu, kisha mmoja anageuza mgongo na shauri limekwisha. Kwa nini huyu wa mapigano asigeuze mgongo?

Ukitazama anavyolelewa, jibu linaonekana. Akianza kukomaa hutenganishwa na wenzake na kufungwa kamba mguuni, kila mmoja karibu na pipa lake au kibanda chake kidogo, kwa umbali unaomwezesha kumwona jirani yake lakini asimfikie. Hajifunzi nani mkubwa na nani mdogo, maana hilo hujifunzwa kwa kukaribiana. Kilemba na ndevu zake hukatwa ili adui asipate pa kushika, kwa hiyo hata uso wake hausomeki vizuri na wenzake. Wengine huchomwa homoni za kiume na dawa za kusisimua. Kisha anafungwa kisu au mwiba wa chuma mguuni na kuingizwa kwenye uwanja usio na mlango. Kila jogoo aliyewahi kukutana naye kwa karibu alikuja kumuua. pattrice jones anasema hiyo ni hofu, na watu wameitazama wakaiita ushujaa.

Namna ya kumtibu, kwa maelezo yao wenyewe, haina uchawi. Jogoo mpya huwekwa kwenye kizimba kikubwa katikati ya ua, mahali ambapo kuku wengine wanapita kutwa. Anawarukia kupitia waya, hawajali. Wanaparura, wanakula, wanajigaragaza mavumbini hatua moja kutoka pua yake, na hakuna anayemshambulia. Baada ya siku kadhaa ananyamaza na kuanza kuwatazama. Hapo hutolewa nje kwa muda, mtu akiwa karibu. Akianza ugomvi wa kweli hurudishwa kizimbani bila kupigwa wala kukaripiwa, na kesho anajaribiwa tena. Wapo walioelewa baada ya siku chache, wapo waliochukua wiki nyingi. Dalili inayosubiriwa ni ndogo na ni rahisi kuipuuza: jogoo mwingine anakuja kifua mbele, na yule mpiganaji wa zamani anainamisha kichwa na kudonoa chini, kana kwamba ameona punje. Amekumbuka kwamba mtu anaweza kuondoka.

Nimekaa kwenye jambo hili kwa sababu naona thamani ya makimbilio iko hapa, zaidi ya idadi ya waliookolewa. Walioua majogoo kwa maelfu walikuwa na nadharia kuhusu tabia ya jogoo, na nadharia hiyo haikuwa kweli. Ilikuwa nafuu tu.

Sayansi nayo, kwa njia zake, imemkuta jogoo tofauti na sifa yake. Akiona mwewe hutoa mlio mmoja, akiona mnyama anayekuja ardhini hutoa mwingine. Christopher Evans na Peter Marler walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba majike wanaosikia mlio wa kwanza hujibana na kutazama juu, na wanaosikia wa pili husimama wima na kuangaza huku na huku, hata kama hawajaona adui mwenyewe. Tena jogoo huwa mwepesi zaidi kutoa mlio wa hatari akiwa na wenzake karibu kuliko akiwa peke yake. Akipata chakula hufanya kile ambacho kila aliyekulia kwenye nyumba yenye kuku amekiona: anaita kwa mlio wa haraka, anaokota punje, anaiachia, anaiokota tena, mpaka jike aje aichukue. Watafiti waligundua pia kwamba jike akiwa mbali, jogoo wakati mwingine huita bila kuwa na chakula chochote. Sina la kuongeza hapo.

Hata kule kuwika kuna utaratibu. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo aliyewekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika huendelea kuwika alfajiri kwa saa iliyo ndani ya mwili wake, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba kwenye kundi mwenye cheo cha juu ndiye huanza, wengine wakafuata kwa ngazi zao. Wakenya wa umri fulani hawatashangaa. Waliishi chini ya chama cha jogoo, KANU, tangu 1963 hadi 2002, na wanakumbuka ilivyokuwa kusubiri mkubwa awike kwanza.

Kwa makimbilio, ujuzi huu una matumizi. Majogoo watupu, bila majike wa kugombania, wakipewa nafasi na vichaka vya kujificha, mara nyingi huishi pamoja kwa amani. Hilo limeruhusu baadhi ya makimbilio kuwa na makundi makubwa ya madume, jambo ambalo banda lenye jogoo mmoja kwa kila majike 10 lisingeliweza. Kazi yenyewe haina mapambo. Vilemba hupakwa mafuta wakati wa baridi kali visigande. Nyayo hukaguliwa kwa uvimbe unaotokana na kidonda kilichoingia uchafu. Kucha ndefu za nyuma hupunguzwa. Tangu Februari 2022, mafua ya ndege yalipoingia kwenye mashamba ya Marekani na kusababisha vifo na mauaji ya ndege zaidi ya milioni 100, makimbilio mengi yalilazimika kufunga milango kwa wageni na kwa majogoo wapya, kwa sababu ndege mmoja akikutwa na virusi mamlaka huweza kuamuru kundi zima liuawe, na kimbilio halina kinga maalumu.

Mpinzani atauliza swali la hesabu. Milioni 300 kwa mwaka upande mmoja, na upande wa pili banda la majogoo mia moja au mia mbili, kila mmoja akila nafaka kwa miaka 8 bila kutoa hata yai. Kwa fedha hizo si ungeokoa wanyama wengi zaidi, au watu? Swali ni la haki, na wanaoendesha makimbilio wamelisikia hadi wamelichoka. Jibu lao ni kwamba wao ni wala mboga, hawatumii mayai wala maziwa, na wangependa biashara yote ya kuku iishe. Banda ni mahali pa kuishi kwa waliopo tu. Hapo naachana nao njia. Mimi nakula kuku, na sitegemei dunia iache kumla. Lakini hesabu ya mpinzani ina hila ndani yake. Inamdai mwenye kimbilio athibitishe kwamba jogoo mmoja ana thamani, na haimdai aliyenunua trei ya mayai aseme kaka zake wako wapi. Gharama ya jogoo haikuanza siku alipopelekwa kimbilioni. Mtu aliikwepa siku jogoo alipoanguliwa, na bei ya yai ikashuka kwa kiasi hicho.

Wajerumani walijaribu kuirudisha gharama hiyo kwenye yai. Kabla ya sheria kuwalazimisha, kundi la wafugaji wa kilimo hai lilianza kuuza mayai kwa senti chache zaidi ili kumlea ndugu wa kila tetea hadi umri wa kuchinjwa, na wanunuzi walipatikana. Juni 2019 mahakama kuu ya utawala huko Leipzig iliamua kwamba faida ya kiuchumi peke yake si sababu ya haki ya kumuua kifaranga, ingawa iliruhusu jambo hilo kuendelea kwa muda hadi njia mbadala zipatikane. Kuanzia Januari 1, 2022, kuua vifaranga kwa sababu ya jinsia yao kukawa kosa katika nchi iliyokuwa ikiua takriban milioni 45 kwa mwaka. Ufaransa ikafuata njia hiyohiyo.

Njia mbadala inayoshinda sasa ni ya kutambua jinsia ndani ya yai, kwa tone la maji yake au kwa mwanga unaopita kwenye gamba na kuonyesha rangi ya manyoya yanayoota. Ujerumani inataka kazi hiyo ikamilike kabla ya siku ya 13 kati ya siku 21 za kuatamiwa, kabla kiinitete hakijaweza kuhisi maumivu. Yai la kiume linakuwa chakula cha mifugo. Ni hatua kubwa mbele, na mtu angekuwa mkaidi kuikataa. Hata hivyo haimgusi yule jogoo wa Seattle, kwa sababu mashine hizi ni ghali na zimeundwa kwa ajili ya vituo vya mamilioni ya mayai, si kwa mwenye silkie 30. Baadhi ya vituo vya Ulaya pia viligundua upesi kwamba vifaranga wanaweza kuvushwa mpaka kwenda kulelewa nchi jirani zisizo na sheria hiyo. Kaka ana paspoti siku hizi.

Kwetu jambo hili linaonekana la mbali, kwa sababu jogoo wa kienyeji hakosi anayemtaka. Sokoni bei yake humpita jike. Sikukuu zikikaribia humpita zaidi. Kuchi, yule mrefu mwenye kilemba kidogo, ambaye wanasayansi wa vinasaba wamemkuta na undugu na kuku wa mapigano wa Asia ya Mashariki, anauzwa kwa fedha ambazo mwenye kuku wa kawaida huzisikia tu. Mwenye banda huacha jogoo mmoja wa mbegu, wengine wanakwenda na wageni na sherehe. Huwezi kuuita mwisho mwema kwa jogoo, lakini angalau ameishi, ameparura, amewika. Kuroiler na Sasso, waliosambaa Uganda, Kenya na Tanzania katika miaka 15 hivi iliyopita, wamefuata mantiki hiyohiyo: jike hutaga vya kutosha, dume hunenepa vya kutosha, hakuna anayetupwa. Wazungu wanarudi kwa gharama kubwa kwenye kuku wa matumizi mawili. Wetu hakuwahi kuondoka.

Ila si wote. Mayai ya trei yanayoliwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hayatoki kwa Sasso. Yanatoka kwa kuku wa mayai wa aina zilezile za kimataifa, wanaouzwa wakiwa matetea watupu, waliochaguliwa kwa mkono au kwa rangi ya manyoya siku ya kwanza. Baadhi ya madume huuzwa kwa bei ya kutupa kwa watu wenye subira ya kuwafuga kwa nyama. Wengine hawavuki siku hiyo. Mfugaji mwenye matetea 500 huko Kibaha au Thika ana kaka 500 ambao hajawahi kuwaona, na hakuna jirani atakayemlalamikia, kwa kuwa hawakufikia umri wa kuwika. Akitaka kujua walikokwenda, amuulize wakala wake wa vifaranga. Nadhani atakuwa mteja wa kwanza kuuliza hivyo, na wakala atadhani anatafuta punguzo.